Dishi Moja, Nyaya Nne

Ukimtaka Zewar siku hizi, usihangaike kubisha hodi mlangoni kwao. Tazama juu. Mtaa wetu wa Mariabad umeupanda mlima wa Quetta, huku Pakistani, kwa ngazi ngazi, paa la huyu liko sawa na kizingiti cha yule, na juu ya mojawapo ya mapaa hayo utamwona mwanamke wa makamo, shela kaifunga kiunoni, spana kaibana kwa meno, ananong'onezana na dishi la watu. Wanawake wanamwita Zewar wa Madishi. Zamani aliitwa mke wa Khadim, na kabla ya hapo aliitwa binti wa mshona viatu. Majina hayo mawili alipewa. Hili la tatu alilichukua mwenyewe, na nitawaeleza alivyolichukua, maana kuna watu wanalisimulia ovyo ovyo na kutia chumvi pasipohitaji chumvi.

Aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito. Vidole alikuwa navyo kwa sababu alitarizi tangu utotoni, kazi ya uzi mwembamba ambayo ukikosea tundu moja unafumua yote. Ulimi mzito ni tabia tu. Mama yake mzazi alikufa angali mdogo, hata sura yake haikumbuki vizuri, na Bibi Nekbakht, mama mkwe wake, ndiye aliyemfundisha kukanda unga, kulea mtoto, na kumcheka mume bila mume kujua. Kuna wakwe wanaopendana kwa sababu wameambiwa wapendane. Hawa wawili walipendana hasa.

Nyumba ilikuwa na ua mmoja, tanuri moja la mkate, na vyumba vimeuzunguka ua. Chumba cha Bibi Nekbakht, ambaye wote nyumbani walimwita Mama, kilielekea kusini. Upande wa kulia aliishi mtoto wake wa kwanza, Iwaz Ali, muuza matunda makavu, mtu wa masharubu na wa neno moja: akishasema kitu, hata yeye mwenyewe hawezi kukibadilisha. Upande wa kushoto aliishi Khadim na Zewar. Khadim anauza sweta sokoni, mume mwema sana, ila ugomvi ukianza nyumbani hukumbuka ghafla kwamba hakufunga duka vizuri. Karibu na lango kulikuwa na chumba cha wageni. Na mke wa Iwaz Ali alikuwa Gulandam. Gulandam si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapa mbele nitamsema sana.

Mwanzoni walikuwa na televisheni moja, chumbani kwa Mama, na wote walibanana pale kwenye magodoro wakitafuna mbegu. Halafu maisha yakanyooka kidogo, kila chumba kikapata televisheni yake na king'amuzi chake. Dishi likabaki moja, juu ya paa. Iwaz Ali akamwita Fundi Sarwar aje agawe mawimbi vyumba vyote vinne.

Sasa, kwetu mwanamume hapandi paa kimya kimya. Ukisimama juu unaona nyua za watu wote walioko chini yako, na wanawake wako humo vichwa wazi, wanafua, wanasuka nywele. Kwa hiyo kabla ya kupanda lazima apige ukelele, "Mwanamume juu!" nao waache kazi zao waingie ndani wangoje mpaka ateremke. Siku ile, ua wa chini, kwa Bibi Sabza, palikuwa na unga umeshaumuka na tanuri limeshawaka. Kila baada ya muda mfupi sauti ya Bibi Sabza ilitoka ndani: "We Sarwar, unatega dishi au unajenga mnara? Mkate wangu unageuka pombe!" Sarwar akaharakisha. Badala ya kufanya kazi aliyotakiwa kufanya, aliteremsha waya uleule mmoja wa zamani, akaupachika kigawanyio kidogo cha dukani, ukagawanyika mara nne. Tundu kuu la kigawanyio akampa Mama, kwa heshima ya umri wake. Akateremka, akanywa chai, akaenda zake.

Na heshima hiyo ndiyo iliyokaribia kuibomoa nyumba.

Kila siku alasiri Zewar alimpelekea Mama chai ya kijani na kumwekea chaneli yake ya Mashhad, inayoonyesha ziara ya kaburi la Imamu moja kwa moja: mahujaji, marumaru, njiwa. Mama hakuweza kuisoma rimoti, na hakutaka kujifunza. Alikaa na tasbihi yake akawatazama mahujaji mpaka machozi yakamtoka, na hapo siku yake ikawa imetimia; Zewar akarudisha chaneli ya habari na kukiacha king'amuzi kikiwaka hata usiku. Saa hizo hizo, ng'ambo ya ua, Gulandam alikuwa ameketi mbele ya tamthilia yake ya Kituruki. Na kila siku, mara tu Zewar alipoingia kwa Mama na birika, tamthilia ilikatika. Kioo cheusi. Hakuna mawimbi.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Gulandam alitazama dirishani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara akaona birika linapita na picha inakufa. Akaamua kwamba Zewar ana mahali anapouchomoa waya wake, kwa wivu tu. Zewar akaapa hajui lolote. Kiapo chake kilikuwa cha kweli, ndiyo maana kilimuuma sana kisipoaminiwa. Mwishowe wake hao wa ndugu wawili wakaacha kusemeshana kabisa, ikabaki kupigana mafumbo kupitia kwa kuku.

"We kuku," Gulandam angesema akimwaga makombo, "humu ndani kuna watu wana roho ya korosho. Wakisikia mwenzao anacheka na TV yake, tumbo linawasokota."

"Kuku," Zewar angejibu kutoka tanurini, "mwambie aliyekutuma, mikono yangu imejaa unga mpaka kiwiko. Huo waya nitaushika kwa meno?"

"Kuku, mwambie meno anayo mengi!"

Kuku maskini alinenepa kwa makombo ya pande zote mbili.

Mambo yaliharibika kabisa Mama alipokwenda Hazara Town kwa binti yake, kwenye hitima. Aliondoka, akafunga chumba chake kwa kufuli, kila kitu kimezimwa. Na tangu kufuli lilipobana, hakuna televisheni hata moja iliyoonyesha kitu nyumba nzima. Iwaz Ali hakujua. Akaleta wageni, watu wazito wa sokoni, waje watazame mpira chumba cha wageni. Pilau ililetwa, viatu vikavuliwa, rimoti ikabonyezwa, kioo kikabaki cheusi. Akaipiga televisheni kofi. Akakipiga king'amuzi kofi. Mgeni mmoja akasema kwa upole, "Si neno, Iwaz, tutasikiliza kwenye simu," na upole huo ukamchoma kuliko tusi. Akatoka uani, masharubu yanamtetemeka, akatangaza wageni wote wakisikia: "Basi! Nimechoka na vita vya wanawake. Unajengwa ukuta katikati ya ua huu. Kila mtu na upande wake, kila mtu na dishi lake. Mama atakaa kwangu, na tanuri litakuwa kwangu. Nimesema!"

Kesho yake matofali yakashushwa langoni.

Khadim akakumbuka kwamba hakufunga duka. Zewar alibaki ameyatazama matofali yale, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alilia mchana, mbele ya watu. Tanuri lingine angejenga. Dishi lingine angenunua. Lakini Mama, wa kumwona kwa ruhusa, wa kumpelekea chai kwa kuzunguka barabarani na kubisha hodi kwenye lango la mtu asiyemsemesha? Mama mmoja alikwisha kumpoteza. Wa pili hakuwa tayari kumtoa kwa sababu ya tamthilia ya Kituruki.

Mama akarudi, akayaona matofali, akayapita. Alifungua chumba chake, akaketi, akavua viatu polepole. "Niwekee Mashhad, mwanangu," alisema tu.

Zewar akawasha. King'amuzi cha Mama kina tabia ya kuamkia chaneli ya kwanza, ya habari. Mtangazaji akatokea, na papo hapo sauti ya Gulandam ikavuka ua: "Imerudi! Jamani, imerudi! Mama ameingia tu na baraka zake!"

Zewar akabonyeza Mashhad.

"Aa! Imekufa tena!"

Zewar akasimama pale, rimoti mkononi. Njiwa wa Mashhad wanaruka kwenye kioo. Akarudisha habari.

"Imerudi!"

Mashhad.

"Imekufa! Mwenyezi Mungu, nimekukosea nini?"

"Mwanangu," Mama akasema, "mbona Imamu unamwasha na kumzima?"

"Nisamehe, Mama. Kidogo tu." Akaenda mlangoni na rimoti yake, akatafuta wa kumuuliza, akamwona kuku. "Kuku! Hebu niulizie. Picha ipo, au haipo?"

Jibu likatoka dirishani: "Kuku, mwambie haipo, na yeye anajua haipo!"

Akabonyeza. "Kuku, na sasa?"

"Sasa ipo. Kuku, huyu ana kichaa?"

Zewar akaishusha rimoti. Ni kweli, basi. Muda wote ule Gulandam alisema kweli na yeye akaapa kweli. Mkono ulikuwa wake, ila hakuujua. Na hapo akafanya jambo la kiungwana ambalo halikumsaidia hata kidogo: alivuka ua, akasimama mbele ya Gulandam, akasema uso kwa uso, "Dada, ulisema kweli. Ni mimi ninayekukatia. Nikimwekea Mama Mashhad, yako inakufa. Sikujua, wallahi."

Gulandam alisikia nusu ya kwanza tu. "Amekiri!" akapiga yowe. "Iwaz! Njoo usikie, amekiri kwa kinywa chake! Na haoni haya, anamsingizia Imamu!"

Maana hicho ndicho ambacho mtu wa kwetu hawezi kukimeza. Televisheni ya mama wa nyumba, tena ikionyesha ziara, ndiyo inayowazimia wengine? Nani atalitamka? Ndiyo maana hakuna aliyeliwaza miezi yote ile. Walimshuku kila mtu, walishuku upepo, walishuku paka wa jirani, lakini chumba kile hapana. Iwaz Ali alitoka, akamsikiliza shemeji yake kwa uso wa jiwe, akajibu, "Fundi Nauroz anakuja kesho baada ya adhuhuri kujenga. Waambie watoto wasichezee matofali."

Zewar akavaa shela yake akateremka sokoni kwa Fundi Sarwar. Alimkuta katikati ya ving'amuzi vilivyofumuliwa. Alipomaliza kueleza, Sarwar alijikuna kidevu.

"Dada, kosa ni langu," alisema. "Si la Imamu, si lako. Sikiliza. Chaneli za angani ziko za aina mbili, tuseme zilizosimama na zilizolala. Ile LNB iliyo mbele ya dishi, lile jicho, yako ina mdomo mmoja tu. Haiwezi kuzitazama zote mbili kwa wakati mmoja. Inatazama zile inazoamriwa, na amri inapanda juu kwa umeme wa king'amuzi. Mimi nguvu ya kuamrisha nilimpa Mama. Mama akitaka zilizolala, nyumba nzima imelala. Mama akizima, jicho limefumba."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni ile niliyotakiwa kuifanya siku ileile." Akainama chini ya meza, akatoka na jicho jipya lenye midomo minne. "Hili kila mdomo unajitegemea. Nyaya nne, kila king'amuzi na wake, kuanzia juu mpaka chini, bila kugawanya popote. Hapo kila mtu anaamrisha mdomo wake na hamgusi mwenzake. Kesho asubuhi na mapema nakuja nafunga mwenyewe. Sitaki shukrani, nataka kulala usingizi."

Asubuhi alikuja kweli, begani amebeba marundo ya waya. Iwaz Ali alikuwa ameshakwenda dukani. Sarwar akashika ngazi, akaweka mguu wa kwanza, akapiga ukelele, "Mwanamume juuu!"

"Hakuna cha mwanamume!" Bibi Sabza akajibu kutoka ua wa chini. "Leo tunaosha sufu ya magodoro ya binti yangu! Wanawake wa mtaa mzima wako hapa wamekunja suruali mpaka magotini. Atakayetia pua yake juu huko nammwagia maji ya sufu!"

"Dakika kidogo tu, Bibi!"

"Kidogo yako naijua! Mkate wangu mpaka leo unaikumbuka! Njoo Ijumaa!"

Sarwar akauondoa mguu. Akamtazama Zewar, Zewar akayatazama matofali. Ijumaa ingekuta ukuta umeshakauka.

"Nipe hilo begi," Zewar akasema.

"Dada..."

"Mimi nikipanda nani ataingia ndani? Wataniona, nitawaona, tutaamkiana. Nipe."

Ni Mama aliyeishika ngazi. Alitoka chumbani na fimbo yake, akaiweka kando, akaikamata ngazi kwa mikono miwili. "Panda," alisema. "Asiyependa aje aniulize mimi."

Zewar hakuwahi kupanda pale hata siku moja. Upepo ukaivuta shela, akaifunga kiunoni. Chini aliona wanawake wa Bibi Sabza wamezunguka mabeseni, sufu imetanda kila mahali.

"Haa! Zewar!" mmoja akapaza sauti. "Umekuwa kunguru lini?"

"Tangu wanaume waogope maji ya sufu!"

Wakaangua kicheko. "Basi tega vizuri, ukishamaliza njoo na kwetu, letu linaonyesha mvua tu!"

Sarwar aliketi chini, nje, kichochoroni, mgongo ukutani, macho barabarani kama adabu inavyotaka, akawa anapaza sauti bila kuinua kichwa. "Kabla hujafungua jicho la zamani, weka alama! Limeinama kiasi gani, na mkononi mwa dishi limekaa wapi!"

Zewar alitoa kidau cha wanja mfukoni, akachora mstari. Akafungua skrubu, akalitoa jicho la zamani, akapachika jipya mstari kwa mstari. Kisha nyaya. Hapa vidole vyake vilikuwa nyumbani. Unaubambua waya ngozi ya juu, unazirudisha nyuma nywele zile nyembamba za shaba, unaacha kiini kimesimama peke yake katikati, na ukiacha unywele mmoja tu ukagusa kiini, waya umekufa. Mwanamke aliyetarizi mashati ya maharusi wa nusu ya mtaa hawezi kushindwa na unywele. Alifunga kichwa cha waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akavizungushia utepe, akaacha kila waya uning'inie kidogo kabla ya kupanda kwenye jicho, ili mvua idondoke pale isiingie ndani. Akaziangusha nyaya uani, na Mama akaelekeza kwa fimbo upi uende wapi. Zewar akateremka, akapitisha madirishani, akachomeka vyumba vyote, hata chumbani kwa Gulandam, ambaye alimgeuzia mgongo na kuzungumza na mto. Adhuhuri ilikuwa imeshapita alipopanda tena kukaza skrubu ya mwisho.

Na alipokuwa anageuka, goti lake likaligonga dishi.

Halikuanguka. Lilizunguka tu, kidogo sana, na mlio wa chuma. Chini, kila kitu kikazima.

"Nani amegusa nini?" Gulandam akatoka mbio mpaka katikati ya ua, mikono kichwani. "Leo ni mwisho! Leo ndiyo sehemu ya mwisho! Miezi yote nimengoja huyu msichana amjue baba yake! Weee Zewar, utanitoa roho!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu theluji iyeyuke. Hakuna aliyeliona, wala yeye mwenyewe.

"Sarwar!" Zewar alipiga kelele. "Nimelisogeza dishi!"

"Usiogope! Kamata ukingo kwa mikono miwili! Lizungushe polepole, polepole kuliko unavyodhani! Lakini lazima awepo mtu ndani, anayeona kioo, akuambie!"

Mama hakuweza kusoma kioo. Khadim alikuwa amekwenda kufunga duka. Zewar akatazama chini, akamwona Gulandam, na Gulandam akamwona yeye. Ukitazama kutoka juu, nyuso za watu hugeuka kuwa ndogo, na huo wa Gulandam ulikuwa na machozi ya kweli.

"Dada," Zewar akasema. "Ingia ndani. Fungua dirisha. Niambie unachokiona, nikurudishie."

Gulandam alisita. Halafu akainua pindo la gauni lake akakimbia ndani, dirisha likafunguka kwa kishindo. "Hakuna kitu!"

Zewar akasukuma dishi upande wa magharibi, unene wa ukucha.

"Hakuna! Hakuna! Bado kaburi!"

Tena.

"Hakuna... ngoja! Mstari umecheza! Mdogo wangu, umecheza! Umepanda! Aaa, umepita, umepita, rudi!"

"Nirudi wapi?"

"Ulikotoka! Nusu yake! Usikimbilie! Hapo... hapo, hapo! Umejaa! Zewar jan, mpenzi wangu, usipumue! Kaza!"

Akakaza. Spana ilimchubua vidole, hakusikia. Na kutoka vyumba vya chini zikapanda sauti nne kwa pamoja: mahujaji wa Mashhad wanasalimu, msichana wa Kituruki analia, mtangazaji wa mpira anabweka chumba cha wageni, na chumbani kwake mwenyewe mwanamke fulani anaeleza jinsi ya kupika maboga. Hakuna hata moja iliyomzima mwenzake. Zewar akacheka peke yake juu ya paa, kwa sauti kubwa, mwanamke aliyejulikana kwa ukimya wake. Chini kwa Bibi Sabza walipiga makofi kwa mikono yenye povu.

Gulandam alitoka chumbani mwake mbio, akaingia kwa Mama: Mashhad ipo. Akarudi mbio kwake: Mturuki yupo. Akaenda tena kwa Mama. Mashhad ipo. Mara ya tatu hakukimbia. Alitembea, akasimama chini ya ngazi, na msichana wa tamthilia yake akawa anamjua baba yake huko ndani bila yeye.

"Zewar," akasema. "Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo, dada."

"Na mimi nilikutukana mpaka kwa kuku."

"Na mimi nilijibu."

"Unateremka, au nipande?" Hakungoja jibu. Mama aliishika ngazi mara ya pili, akinung'unika kwamba huyu ni mzito, na Gulandam akapanda akihema, akafika juu, akamkumbatia Zewar na spana yake na utepe wake na masizi yake, wakalia wote wawili pale, wazi mbele ya mlima mzima.

Hivyo ndivyo Iwaz Ali alivyowakuta. Aliingia langoni na Fundi Nauroz mjenzi, na nyuma yao majirani kadhaa waliokuja kushuhudia, maana ukuta wa kuwagawa ndugu ni tamasha la bure. Alimwona mama yake ameshika ngazi. Akamwona mkewe na shemeji yake juu ya paa, wamekumbatiana. Akasikia mpira chumba cha wageni. Akatembea chumba hadi chumba, mikono nyuma, akatazama kila kioo. Aliporudi uani alikuwa na uso wa mtu aliyekuja na jembe akakuta shamba limeshalimwa.

"Ukuta unajengwa kwa ajili ya ugomvi wangu!" Gulandam akamwambia kutoka juu. "Nimeghairi. Mrudishe huyo fundi."

Majirani wakatazamana. Iwaz Ali akawa mwekundu. "Neno langu nililitoa mbele ya wageni," alisema. "Nilisema ukuta unajengwa, na unajengwa. Leo."

Zewar alihisi ngazi ya furaha inateleza chini ya miguu yake. Alimtazama Mama. Mama aliinamisha kichwa, na mikono yake ikatoka kwenye ngazi.

Hapo ndipo Bibi Sabza, ambaye hakuna ukuta umewahi kumzuia kusikia, alipopaza sauti kutoka chini: "Iwaz Ali! Badala ya kubishana, wastiri hao wake zenu! Mtaa wote wa juu unawatazama kama harusi! Nyumba nzima ya watu wazima, paa halina hata ukingo, ndiyo maana kila siku tunapigiwa kelele tuingie ndani!"

Iwaz Ali akainua macho juu ya paa. Akayatazama matofali langoni. Akavuta sharubu moja, kisha nyingine, na kila mtu aliyemjua aliona jambo geni linatendeka ndani yake: alikuwa anatafuta njia. Kisha akamgeukia mjenzi.

"Nauroz. Beba matofali. Yapandishe juu."

"Juu, Haji? Si uani?"

"Wewe ulinisikia nikisema uani?" Alikuwa ametamka uani, ua mzima ulimsikia, na hakuna hata jirani mmoja aliyefungua mdomo. "Nilisema ukuta. Ukuta ni ukuta. Zungusha paa lote."

"Urefu gani?"

Iwaz Ali akalitazama dishi. Alikuwa hajamuuliza Zewar kitu tangu siku alipoingia nyumba ile na shela nyekundu. Akajisogeza mpaka chini ya ngazi, mbele ya majirani wote, akainua uso.

"Shemeji," alisema. "Tukijenga, uende mpaka wapi, ili dishi lisizibwe?"

Zewar akafuta machozi kwa mkono wa spana. Akatazama kusini, mahali jicho lilipoelekea, akaweka kiganja chake kifuani.

"Hapa, kaka. Usizidi hapa."

"Umesikia?" Iwaz Ali akamwambia mjenzi. "Usizidi hapo."